Fahamu Athari za Uchimbaji wa Gesi ya Shale kwa Maji, Ardhi na Hewa

Na Mwandishi Wetu

Gesi ya shale ni gesi asilia, methani ileile inayowasha majiko na kuendesha mitambo ya kufua umeme. Kinachoitofautisha na gesi nyingine ni mahali ilipojificha. Shale ni mwamba uliotokana na tope laini lililotua katika sakafu ya bahari za kale, likafunikwa na matabaka mengine na kugandamizwa kwa mamilioni ya miaka hadi likawa jiwe lenye tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu. Mabaki ya viumbe yaliyozikwa pamoja na tope hilo yaliivishwa na joto la ardhini yakageuka gesi. Sehemu ya gesi hiyo ilipanda polepole na kunaswa katika miamba ya mchanga yenye vinyweleo, na huko ndiko wachimbaji wamekuwa wakiifuata kwa muda mrefu. Sehemu nyingine ilibaki ndani ya shale yenyewe, kwa kuwa vinyweleo vya mwamba huo ni vidogo mno na gesi haiwezi kupita kwa urahisi.

Ni vyema jambo moja likaeleweka mapema. Gesi ya Songo Songo mkoani Lindi, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay mkoani Mtwara, iliyogunduliwa mwaka 1982, si gesi ya shale. Gesi hizo hutoka katika miamba ya mchanga na hupanda kwa msukumo wake wa asili pindi kisima kinapoifikia hifadhi. Hali kadhalika gesi iliyogunduliwa katika kina kirefu cha Bahari ya Hindi. Kwa hiyo picha za mabomba ya maji yanayoshika moto jikoni, ambazo husambazwa mara kwa mara katika mitandao ya kijamii kana kwamba zinahusu gesi yote, zinahusu teknolojia nyingine, iliyoenea zaidi nchini Marekani.

Hata hivyo mwananchi anayo sababu ya kuielewa teknolojia hiyo. Barani Afrika, Algeria imekwisha kuijaribu na Afrika Kusini imekuwa ikijadili kwa zaidi ya miaka 10 iwapo iiruhusu. Aidha, uzoefu wa nchi zilizotangulia unaonesha kuwa madhara mengi hayatokei pale ambapo watu wengi huyahofia, yaani katika nyufa zilizo kilometa kadhaa chini ya ardhi, bali katika kisima chenyewe, katika majitaka yanayorudi juu na katika gesi inayovuja njiani. Unaonesha pia kwamba migogoro mingi kati ya wananchi na wachimbaji ilishindwa kumalizika kwa sababu hakuna aliyepima maji kabla kazi haijaanza.

Namna gesi hii inavyochimbwa

Kupasua miamba kwa shinikizo la maji si jambo jipya. Kulianza kutumika kibiashara nchini Marekani mwaka 1949. Mageuzi yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1990, pale kampuni ya mfanyabiashara George Mitchell ilipopata, katika shale ya Barnett karibu na mji wa Fort Worth, Texas, mchanganyiko wa maji mengi na kemikali chache za kupunguza msuguano uliofanya kazi hiyo ilipe. Njia hiyo ilipounganishwa na ufundi wa kuchimba visima vinavyopinda, gesi ambayo wanajiolojia walijua ipo lakini waliiona haiwezekani kuitoa ikawa sehemu kubwa ya nishati ya Marekani katika muda usiozidi miaka 15.

Kisima huchimbwa wima hadi kwenye tabaka la shale, mara nyingi kati ya mita 1,500 na 3,000, kisha hupindishwa na kusafiri kwa ulalo ndani ya tabaka hilo kwa kilometa moja, mbili au zaidi. Mabomba ya chuma hushushwa kwa awamu, moja ndani ya jingine, na nafasi kati ya bomba na ukuta wa shimo hujazwa saruji. Baada ya hapo bomba lililo ndani ya shale hutobolewa matundu, na maji yaliyochanganywa na mchanga husukumwa kwa shinikizo kubwa hadi mwamba unapasuka. Mchanga huingia katika nyufa na kuzizuia zisijifunge. Shinikizo linapoachiwa, sehemu ya maji hurudi juu, na gesi huanza kufuata.

Maji na mchanga huwa zaidi ya asilimia 98 ya mchanganyiko huo. Kiasi kinachobaki ni kemikali: za kupunguza msuguano, za kuua bakteria, za kuzuia kutu, pamoja na asidi. Asilimia moja husikika ndogo, lakini asilimia moja ya lita milioni 10 ni lita laki moja, na lita hizo husafirishwa kwa malori, huhifadhiwa kwenye matangi na huchanganywa juu ya ardhi kabla hazijashushwa kisimani.

Kuhusu wingi wa maji, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilieleza kuwa kati ya mwaka 2011 na mapema mwaka 2013 kisima cha kati, yaani kile kilichogawa visima vyote katika mafungu mawili sawa, kilitumia lita milioni 5.7. Kama mtu mmoja hutumia lita 50 kwa siku, kiasi hicho kinawatosha watu wapatao 300 kwa mwaka mzima. Visima vya miaka ya karibuni, ambavyo ni virefu zaidi, hutumia maji mengi kuliko hayo. Kwa hesabu ya taifa zima la Marekani matumizi hayo hayafikii asilimia moja ya maji yote yanayotumika, na watetezi wa sekta hiyo hupenda kuitaja hesabu hiyo. Ni hesabu ya kweli, ila haimsaidii mkulima wa wilaya kame ambaye kisima chake kimekauka, kwa sababu maji huchotwa mahali mahususi na katika msimu mahususi. Katika mji wa In Salah, kusini mwa Algeria, hofu kuhusu maji ya kale yaliyohifadhiwa chini ya jangwa ndiyo iliyowatoa wakazi barabarani mwanzoni mwa mwaka 2015, baada ya kisima cha majaribio kuchimbwa jirani na mji wao.

Kisima, saruji na maji ya kunywa

Hofu iliyozoeleka ni kwamba nyufa zitapanda kutoka kwenye shale hadi kwenye maji ya kunywa. Kwa visima vilivyo na kina kikubwa jambo hilo ni gumu kutokea. Maji ya kunywa kwa kawaida hupatikana katika mita mia chache za juu, ilhali nyufa hizo, ambazo urefu wake kwenda juu umepimwa kwa vifaa vya kusikiliza mitetemo, mara chache huzidi mita mia chache kutoka pale zilipoanzia. Kati yake hubaki unene mkubwa wa miamba.

Lakini kisima chenyewe ni shimo lililotoboa matabaka yote hayo, likiwemo tabaka la maji. Kinachozuia gesi isipande pembeni mwa bomba ni saruji tu. Saruji ikiwekwa vibaya, ikipata nyufa au isipofika pale ilipotakiwa kufika, gesi hupata njia. Na gesi inayopanda si lazima iwe ile ya shale. Mara nyingi hutoka katika matabaka ya katikati ambayo kisima kimeyapita tu.

Kijiji cha Dimock, kaskazini mashariki mwa jimbo la Pennsylvania, ndicho kilicholitangaza tatizo hilo duniani. Tarehe 1 Januari 2009 methani iliyokuwa imejikusanya katika kisima cha maji cha nyumba moja ililipuka na kuung'oa mfuniko wake wa zege. Uchunguzi wa serikali ya jimbo ulihusisha gesi iliyoingia katika maji ya kaya kadhaa na visima vya gesi vilivyochimbwa jirani. Kampuni iliyohusika ilikana. Mwaka 2010 serikali ya jimbo ilizuia visima vipya katika eneo hilo, na mwishoni mwa mwaka huo yalifikiwa makubaliano ya kulipa kaya zilizoathirika dola za Marekani milioni 4.1. Ubishi haukuishia hapo. Mwaka 2012 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la nchi hiyo lilipima maji ya nyumba 64 na kutangaza kuwa halikuona haja ya kuchukua hatua zaidi, tangazo lililowakasirisha wakazi. Shauri lilifika katika ngazi ya jinai, na Novemba 2022 kampuni iliyorithi shughuli hizo iliamua kutolipinga shtaka la uchafuzi na kukubali kugharamia mtandao mpya wa maji ya bomba kwa zaidi ya dola milioni 16. Tangu mlipuko hadi makubaliano hayo ilipita takribani miaka 14.

Kwa nini ichukue muda wote huo? Sababu kubwa ni kwamba methani hupatikana kwa asili katika maji ya ardhini ya sehemu hiyo ya Pennsylvania. Hilo halishangazi, hata Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, lina methani nyingi ambayo haikuletwa na mchimbaji yeyote. Kampuni iliweza kudai kuwa gesi ilikuwapo tangu zamani, wakazi waliweza kuapa kuwa maji yao yalikuwa safi, na hakukuwa na vipimo vya kutosha vya kabla ya uchimbaji vya kuamua nani anasema kweli.

Wanasayansi walilazimika kutafuta ushahidi kwa njia ya mzunguko. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha matokeo ya visima vya maji vya Pennsylvania na New York. Katika maeneo yenye visima vya gesi umbali usiozidi kilometa moja, wastani wa methani katika maji ulikuwa mara 17 ya ule wa maeneo yasiyo na uchimbaji, na aina ya kaboni iliyomo ilifanana na ya gesi ya kina kirefu. Wakati huohuo hawakukuta dalili za kemikali za kupasulia mwamba katika maji hayo. Mwaka 2014 utafiti mwingine, uliotumia gesi adimu kama heliamu kuwa alama za utambulisho, ulibaini makundi manane ya visima vya maji vilivyoingiliwa na gesi, saba Pennsylvania na moja Texas. Watafiti walihitimisha kuwa chanzo kilikuwa kasoro za saruji na mabomba, wala si nyufa za kwenye shale.

Hitimisho hilo lina pande mbili. Upande mmoja ni wa kutia moyo, kwa kuwa saruji mbovu ni kosa la ufundi linaloweza kukaguliwa na kurekebishwa. Upande wa pili, linaondoa kisingizio, kwa maana kosa linaloweza kukaguliwa lisipokaguliwa huwa ni uzembe wa mtu.

Ripoti ya mwisho ya Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, iliyotolewa Desemba 2016 baada ya kazi ya miaka kadhaa, ilikwenda mwelekeo huohuo. Rasimu ya mwaka 2015 ilikuwa imesema hakuna ushahidi wa madhara yaliyoenea kwa maji ya kunywa. Jopo la washauri wa kisayansi wa shirika hilo lilihoji msingi wa kauli hiyo, na katika toleo la mwisho haikuonekana tena. Badala yake ripoti ilisema shughuli hizo zinaweza kuathiri maji ya kunywa katika mazingira fulani, na ikayataja: kuchota maji wakati wa uhaba, kumwagika kwa kemikali au majitaka, visima visivyo imara, na majitaka yanayotupwa bila kusafishwa vya kutosha au katika mashimo yasiyozuia kupenya. Ripoti ilikiri pia kuwa haikuweza kukadiria madhara hayo hutokea mara ngapi kitaifa, kwa kuwa takwimu hazikutosha, zikiwemo takwimu za ubora wa maji kabla ya uchimbaji.

Sheria ya Pennsylvania ina kifungu kinachostahili kutazamwa kwa makini na nchi yoyote. Tangu mwaka 2012, maji yakichafuka ndani ya umbali wa futi 2,500, yaani mita zipatazo 760, kutoka kisima cha gesi, na ndani ya miezi 12 tangu kazi kukamilika, mchimbaji huchukuliwa kuwa ndiye aliyechafua mpaka athibitishe vinginevyo. Moja ya njia chache za kujitetea ni kuonesha vipimo vilivyofanywa kabla ya kuchimba. Kifungu hicho kiligeuza mzigo wa ushahidi: upimaji wa awali, ambao hapo kabla ulikuwa gharama ambayo mkulima angejibebea mwenyewe, ukawa ni kinga ambayo mwekezaji anaitafuta kwa hiari yake.

Majitaka yanayorudi juu

Maji yanayorudi kutoka kwenye shale si yale yaliyoshushwa. Huwa yamechanganyika na maji ya kale ya mwambani, yenye chumvi nyingi kuliko maji ya bahari, mara nyingine mara tano au zaidi, pamoja na bariamu, strontiamu, bromidi na radiamu, ambayo ni madini yenye mionzi. Kisima kinaweza kuendelea kutoa maji ya namna hiyo kwa miaka mingi.

Katika miaka ya mwanzo Pennsylvania iliruhusu sehemu ya majitaka hayo kupelekwa katika mitambo ya kawaida ya kusafisha majitaka ya miji. Mitambo hiyo haikujengwa kwa ajili ya kuondoa chumvi, na mito ilianza kuonesha mabadiliko. Mwezi Mei 2011 jimbo liliwataka wachimbaji waache utaratibu huo. Mwaka 2013 watafiti walipopima tope la kijito cha Blacklick, chini ya mtambo mmoja uliokuwa ukisafisha maji ya visima vya mafuta na gesi, walikuta radiamu takribani mara 200 ya ile iliyokuwa juu ya mtambo. Mionzi hiyo ilikuwa imetulia katika tope la mtoni, mahali ambapo mtu anayepima maji pekee asingeiona.

Njia inayotumika zaidi Marekani ni kuyasukuma majitaka hayo katika visima virefu vya kutupia. Jimbo la Oklahoma lilifanya hivyo kwa kiwango kikubwa, likiyaelekeza katika tabaka la chokaa la Arbuckle, ambalo limelalia moja kwa moja mwamba wa msingi wenye mipasuko ya kale. Kabla ya mwaka 2009 jimbo hilo lilikuwa likipata tetemeko moja au mawili kwa mwaka yenye ukubwa wa 3 au zaidi. Mwaka 2015 lilipata takribani 900, kuliko California. Novemba 2011 tetemeko la ukubwa wa 5.7 liliharibu nyumba karibu na mji wa Prague, na tarehe 3 Septemba 2016 likaja la 5.8 karibu na Pawnee, kubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa katika jimbo hilo.

Hapa panahitaji uangalifu wa maneno. Sehemu kubwa ya majitaka ya Oklahoma ilikuwa maji ya kale yaliyotoka pamoja na mafuta, si mabaki ya maji ya kupasulia mwamba. Anayesema kupasua mwamba ndiko kulikoitikisa Oklahoma hajasema sawasawa. Aliyekosea ni yule aliyetupa maji mengi mno, kwa kasi kubwa mno, mahali pasipofaa. Wala jambo hilo halikuwa geni kwa wataalamu. Katika miaka ya 1960 jeshi la Marekani lilisukuma majitaka katika kisima kirefu karibu na Denver, ardhi ikaanza kutetemeka, na kisima kikafungwa mwaka 1966. Ilipofika mwaka 2016 mdhibiti wa Oklahoma aliagiza utupaji upunguzwe kwa takribani asilimia 40 katika maeneo yaliyoathirika, na idadi ya matetemeko ilishuka mwaka huo na mwaka uliofuata.

Yapo pia matetemeko yanayotokana na upasuaji wenyewe. Nchini China, katika wilaya ya Rongxian mkoani Sichuan, matetemeko ya Februari 2019 yaliua watu wawili, wakazi wakaandamana, na serikali ya wilaya ikasimamisha uchimbaji. Uingereza ilichagua tahadhari kubwa zaidi. Baada ya mitetemo ya mwaka 2011 karibu na Blackpool, iliyofikia ukubwa wa 2.3, serikali iliweka utaratibu mithili ya taa za barabarani: mtetemo wa 0.5 au zaidi, ambao binadamu hausikii, unatosha kusimamisha kazi. Uchimbaji ulirejea Oktoba 2018 katika eneo la Preston New Road, Lancashire. Agosti 2019 ulitokea mtetemo wa 2.9, ukasikika majumbani, na Novemba mwaka huo serikali ikazuia shughuli hizo kwa Uingereza yote, pasipo Scotland na Wales ambazo zilikuwa na mamlaka na msimamo wao. Zuio liliondolewa Septemba 2022 na kurejeshwa Oktoba mwaka huohuo, baada ya kubadilika kwa waziri mkuu. Jambo ambalo halikutangazwa sana ni kwamba Idara ya Jiolojia ya Uingereza ilianza kupima maji, hewa na mitetemo ya Lancashire kuanzia mwaka 2015, miaka mitatu kabla ya kazi ya Preston New Road, hivyo mitetemo ilipotokea hapakuwa na wa kudai kuwa ni ya kawaida ya eneo hilo.

Hewa na afya

Gesi asilia ikichomwa katika mtambo wa umeme hutoa takribani nusu ya hewa ukaa ambayo makaa ya mawe yangetoa kwa umeme uleule. Hiyo ndiyo hoja yake kuu ya kimazingira, na ni hoja nzito. Lakini methani isiyochomwa, inayovuja kutoka kwenye visima, matangi na mabomba, hupasha joto anga zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa kwa uzito uleule katika kipindi cha miaka 20. Utafiti mkubwa wa mwaka 2018 ulikadiria kuwa asilimia 2.3 ya gesi iliyozalishwa Marekani ilikuwa ikivuja, kiasi kilichozidi makadirio rasmi ya wakati huo kwa asilimia 60. Utafiti wa awali, wa mwaka 2012, ulikuwa umekadiria kuwa uvujaji ukizidi asilimia 3.2, mtambo mpya wa gesi hauna nafuu ya haraka kwa tabianchi kuliko mtambo mpya wa makaa ya mawe. Nafasi iliyobaki kati ya namba hizo mbili ni ndogo, na hutegemea vali, matangi na ukaguzi wa kila mwezi.

Kwa afya ya watu walio jirani, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulichambua kumbukumbu za zaidi ya watoto milioni 1.1 waliozaliwa Pennsylvania. Kwa akina mama walioishi ndani ya kilometa moja ya kisima, uwezekano wa kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu uliongezeka kwa asilimia 25. Athari ilipungua kadiri umbali ulivyoongezeka na haikuonekana tena zaidi ya kilometa tatu. Wafanyakazi nao wana hatari yao. Mwaka 2012 mamlaka za usalama kazini za Marekani zilitoa tahadhari kuhusu vumbi la silika linalotimka mchanga unapopakuliwa, vumbi ambalo huharibu mapafu na halina tiba.

Maamuzi ya nchi mbalimbali, na hali ya Karoo

Ufaransa ilipiga marufuku upasuaji wa miamba kwa maji mwaka 2011, Bulgaria ikafuata mwaka 2012, na jimbo la New York likatangaza msimamo kama huo Desemba 2014. Ujerumani iliuzuia kwa gesi ya shale kuanzia mwaka 2017, ikiacha nafasi ya majaribio machache ya kisayansi. Argentina, China na majimbo mengi ya Marekani yanaendelea kuchimba.

Mfano ulio karibu nasi ni Karoo, nyanda kame za ndani ya Afrika Kusini, ambako wafugaji wa kondoo na miji midogo hutegemea maji ya visima. Mwaka 2011 makadirio ya Marekani yalitaja futi za ujazo trilioni 485 za gesi inayoweza kutolewa. Mwaka 2013 yakashushwa hadi 390. Na mwaka 2017 watafiti wa Afrika Kusini wakataja kiasi cha chini cha trilioni 13. Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu na miamba moto ya volkano iliyopenya Karoo zamani na kuipika shale hadi gesi nyingi ikatoroka. Ahadi za ajira na mapato zilizotolewa kwa kutumia namba ya kwanza zilipaswa kusomwa upya.

Serikali ya nchi hiyo ilisitisha maombi ya leseni mwaka 2011, ikaondoa zuio mwaka 2012, kisha ikaagiza tathmini ya kimkakati ya mazingira iliyowahusisha wataalamu wengi na kuchapishwa mwaka 2016. Kanuni za uchimbaji za mwaka 2015 zilibatilishwa mahakamani, na Julai 2019 Mahakama ya Juu ya Rufani ilithibitisha kuwa waziri wa madini hakuwa na mamlaka ya kutunga kanuni za mazingira. Wakati mabishano hayo yakiendelea, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nelson Mandela walikuwa wakipima maji ya ardhini na mitetemo ya asili ya Karoo. Ucheleweshaji uliowaudhi wawekezaji uliipa nchi hiyo kumbukumbu ambazo Dimock haikuwa nazo.

Nchini Tanzania, mradi wa mafuta au gesi hupaswa kupitia Tathmini ya Athari kwa Mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tathmini hiyo hueleza hali ya mazingira ilivyo kabla ya mradi. Matumizi ya maji ya ardhini huombewa kibali kwa Bodi ya Maji ya bonde husika, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Wananchi wa eneo la mradi wana nafasi ya kutoa maoni wakati wa tathmini, na huo ndio wakati wa kuuliza kuhusu visima vyao.

Kipimo cha awali chenye manufaa hutaja kisima kilipo na kina chake, tarehe, maabara iliyopima, na viwango vya methani, chumvi, bariamu, strontiamu na uchachu wa maji. Pale methani inapopatikana, aina yake ya kaboni hupimwa pia, ili ijulikane kama imetoka karibu au kina kirefu. Mwenye kisima hupewa nakala. Sampuli huchukuliwa wakati wa kiangazi na kurudiwa wakati wa masika, kwa kuwa maji ya kisima kilekile hubadilika kati ya misimu hiyo hata pasipo mchimbaji yeyote jirani.